Sitaliachia Jiwe

Soki ananisomea katekisimu huku akichambua kokoto.
Amekalia bidoni la njano, miguu haigusi chini.
"Swali la kwanza. Uliumbwa kwa nini?"
Anajijibu mwenyewe, sijavuta hata pumzi:
"Niliumbwa nimsifu Mungu,"
kisha anatupa kokoto kwenye rundo, ta,
kama mtu aliyemaliza deni.

Mimi nanyanyua nyundo.
Miaka miwili na nusu sikuwa nimelijibu swali hilo.

Nilikuwa besi, wa tatu kutoka dirishani,
kabla moto haujashuka mlimani usiku
ukapita katikati ya parsela yetu bila kubisha hodi.
Hatukuungua. "Hamkuungua," watu walisema, "shukuruni."
Nikashukuru.
Lakini Kyakimwa alikimbia na homa yake mwilini,
kwa miguu hadi Sake, mvua ikimnyeshea mgongoni,
na wiki ya tatu tulimzika huko, katika udongo wa watu.
Niliporudi Goma nyumba ilikuwa jiwe.
Mlango jiwe. Kitanda jiwe. Daftari la nyimbo, jiwe.
Nikakopa nyundo, nikaanza kuiuza nyumba yangu
toroli kwa toroli.

Usidhani niliacha kuamini.
Nilikaa benchi la nyuma, nikasimama waliposimama,
nikatoa franka mia tano iliyokunjwa mara nne.
Sauti tu ndiyo iliyobaki Sake.

Jumapili ya Matawi Shemasi Bwambale akasoma,
yeye ambaye kila nukta huiruka kama dimbwi,
kwamba hawa wakinyamaza, mawe yatapiga kelele.
Watu wakasema amina. Mimi nikacheka,
peke yangu, mama mmoja akageuka kunitazama.

Nilicheka kwa kuwa nayajua mawe haya.
Jepesi, lenye matundu, ukiligonga linakohoa.
Zito, la rangi ya moshi, lina mshipa;
upate mshipa wake uone.

Jumatatu niligonga moja, kubwa kama mbuzi aliyelala,
pale pale palipokuwa jiko letu.
Likalia. Sauti ya chini, ndefu,
ile ile niliyokuwa nikiishikilia
wakati akina mama wanapanda juu na Kyakimwa akiwa kati yao.
Sauti yangu. Mdomoni mwa jiwe.
Nikaweka nyundo chini.

Ee Bwana, utazame mji huu.
Wenye diploma wanasukuma chukudu.
Mwalimu wa Soki anauza mayai ya kuchemsha jioni.
Kazi hapa hutafutwa kwa barua, kwa mjomba, kwa machozi,
na mimi ninayo moja, sikuiomba, sikuifanyia mtihani,
nilitoka nayo tumboni mwa mama yangu,
leo niliachie jiwe?

Nikaimba. Vibaya.
Kwenye neno "utukufu" vumbi likanikaba, nikakohoa,
na kijana wa chukudu aliyekuwa akingoja mzigo
akalidaka neno kabla halijaanguka
akaliinua kwa sauti ya juu mno, isiyo yake.
Soki akajificha uso nyuma ya katekisimu.

Sikupona. Asikuambie mtu kwamba nilipona.
Jioni bado naandaa sahani tatu, halafu narudisha moja.
Na kama sifa ingekuwa risiti ya mema niliyopokea
ningekaa mwaka mzima na Bwana tukibishana hesabu.
Nimeacha kubishana. Naamka, naimba kidogo,
hata mvua ikinyesha, hata koo likikataa,
kama vile navunja jiwe hata siku isiyo na mteja.

Kesho nina oda: toroli kumi na mbili,
ukuta wa kanisa, na mzee wa kanisa analia bei ni ghali.
Atapata mawe ya chumbani na ya uani.
Lile la jikoni siuzi.
Soki ameliachia bidoni, sasa analikalia lenyewe,
amefungua ukurasa, ameweka kidole:

"Baba, sikiliza. Swali la pili."